Kipozeo cha Hewa kwa Prosesa Iliyoongezwa Kasi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Majibu haya ni ya mtu anayetumia kompyuta ya mezani Mombasa na viunga vyake, aliyeiongeza prosesa kasi kupita ile ya kiwandani (vijana husema ameiovakloki), na sasa joto linamshinda. Vipimo vyote vya joto ni vya selsiasi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Misingi

1. Nitajuaje kama kweli kipozeo ndicho tatizo?

Pima kabla ya kununua. Unahitaji programu mbili za bure: HWiNFO ya kusoma joto na Cinebench R23 ya kuibebesha prosesa mzigo. Endesha Cinebench dakika 10 bila kukatiza, chumba kikiwa katika hali yake ya kila siku. Andika mambo matatu: joto la chumba, joto la juu kabisa la prosesa, na wati inazokula. Namba hizo tatu ndizo zitakazokuongoza katika majibu mengi hapa chini, kwa hiyo usiziweke kichwani; ziandike.

Kisha rudia jaribio lilelile ukiwa umeondoa ubavu wa kasha. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, adui yako ni kasha: kipozeo kinavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto na kadi ya picha. Nenda swali la 13 kabla hujatoa pesa. Likishuka nyuzi moja au mbili tu, kasha halina kosa, na kipozeo chenyewe au namna kilivyofungwa ndicho cha kuchunguzwa (swali la 18).

2. Mbona watu mtandaoni wanapata nyuzi 75, na mimi kwa kipozeo kilekile napata 85?

Kwa sababu kipozeo cha hewa hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuhamisha joto la prosesa na kulitupa kwenye hewa iliyo karibu, basi. Hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa.

Majaribio mengi unayoyasoma hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 hadi 25. Mombasa wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hufika karibu 33, na chumba kilichofungwa chini ya paa la mabati huzidi hapo. Julai, kusi likivuma, mchana huwa karibu 28. Ndiyo maana tunasema: mwongezaji kasi wa Pwani aipime kompyuta yake Machi saa nane mchana. Iliyopita mtihani Julai alfajiri bado haijapita mtihani.

Ukitaka kulinganisha vipozeo kwa haki, toa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Prosesa yenye 93 katika chumba cha 31 iko nyuzi 62 juu ya hewa yake. Yenye 86 katika chumba cha 24 nayo iko 62. Vipozeo hivyo viwili ni sawa, tofauti ni dirisha.

3. Nimeongeza megahezi 300 tu. Joto lote hili limetoka wapi?

Halikutoka kwenye megahezi, limetoka kwenye volteji. Nguvu inayoliwa na prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji. Chukua prosesa ya gigahezi 4.5 kwa volti 1.20, ipeleke 4.8 kwa volti 1.32. Kasi imeongezeka kwa chini ya asilimia 7. Volteji imeongezeka kwa asilimia 10, ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huwa 21. Jumla unapata karibu asilimia 29 ya nguvu zaidi: iliyokuwa ikila wati 120 sasa inakula 155.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chuma kikubwa, jaribu kushusha volteji hatua moja moja ya milivolti 10 au 15 kwa kasi ileile, ukipima kila hatua. Prosesa nyingi huongezwa volteji kuliko zinavyohitaji, hasa ubao mama ukiachiwa ujiamulie wenyewe. Watu hununua kipozeo cha minara miwili (marundo mawili ya mapezi ya kutolea joto) kutibu volteji ambayo wangeishusha bure.

4. Joto gani ni salama?

Kila prosesa ina ukomo wake. Core za Intel za kizazi cha 12 hadi 14 hujipunguzia kasi zikifika 100. Ryzen 7 5800X na Ryzen 9 5950X ukomo wao ni 90, Ryzen 5 5600X ni 95, na Ryzen 7 7800X3D ni 89. Ryzen 7000 zenye herufi X mwishoni zimewekewa 95, nazo zina tabia yao ya kipekee (swali la 23).

Kufikia ukomo hakuiunguzi prosesa papo hapo, inajipunguzia kasi. Lakini mtu aliyeongeza kasi kisha prosesa ikajipunguzia kasi amefanya kazi ya bure. Lenga kubaki nyuzi 8 hadi 10 chini ya ukomo kwenye mzigo mzito siku ya joto. Ukiwa hufanyi chochote, nyuzi 42 hadi 50 kwa chumba cha Mombasa ni kawaida kabisa, usishtuke.

5. Prosesa yangu inakubali kuongezwa kasi?

Intel: iwe na herufi K baada ya namba na ubao wa familia ya Z. AMD: karibu Ryzen zote za mezani hukubali, lakini ubao uwe wa familia ya B au X; A320, A520, A620 na B840 hazikubali. Kama zako haziko humo, kipozeo kikubwa kitakupa utulivu na kimya tu.

## Kuchagua

6. Mnara mmoja unatosha, au nichukue miwili?

Rudi kwenye wati ulizoandika katika swali la 1.

Chini ya wati 100, mnara mmoja wenye mirija minne ya joto na feni ya milimita 120 unatosha, hata hapa. Ryzen 5 5600X yenye ukomo wake wa kiwandani wa wati 76 iko kundi hili. Thermalright Assassin X 120 SE au DeepCool AK400 zitaimudu.

Kati ya 100 na 150 ndipo Mombasa inapoachana na ushauri wa mtandaoni. Ryzen 7 5800X ikila wati zake 142, au Core i5-12600K ikifika 150, kwenye chumba cha nyuzi 22 mnara mmoja mzuri huvumilia. Kwenye chumba cha 32 umepoteza nyuzi 10 kabla hujawasha kompyuta. Chukua minara miwili: Thermalright Peerless Assassin 120 SE (mirija sita), Phantom Spirit 120 SE (mirija saba) au DeepCool AK620 (mirija sita).

Wati 150 hadi 200 zinahitaji minara miwili na kasha linalopumua vizuri, vyote pamoja. Noctua NH-D15 na wenzake wa daraja hilo ndio mwisho wa hewa. Ukivuka 220 kwa mzigo wa muda mrefu, kwa chumba kisicho na AC, hatukushauri kununua kipozeo chochote cha hewa. Punguza wati kwanza.

Neno moja kuhusu pesa. Tofauti kati ya vipozeo vizuri vya minara miwili huwa ni nyuzi chache tu. Ukiona kimoja kinauzwa mara mbili au tatu ya kingine, chukua cha bei nafuu, na baki ununulie feni za kasha.

7. Boksi limeandikwa "260W". Si ina maana kitamudu wati 260?

Mwamba ngoma huivuta kwake. Hakuna kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanakifuata. Kila mmoja huchagua joto la chumba, ukubwa wa chanzo cha joto na kiwango anachokiita "kumudu". Namba ya boksi hutumika kulinganisha bidhaa za kampuni hiyohiyo, si zaidi.

Kuna jambo jingine boksi halisemi: joto hutoka kwenye kipande kidogo mno. Kwenye Ryzen 7000, kipande chenye viini kina ukubwa wa takriban milimita za mraba 71. Wati 120 zikibanwa hapo, joto huchelewa kuvuka kutoka kwenye silikoni hadi kwenye kifuniko, kabla hata halijafika kwenye kipozeo. Ndiyo maana kuongeza ukubwa wa kipozeo maradufu hakupunguzi joto maradufu.

8. Nitajuaje kama kitaingia kwenye kasha langu?

Kwa rula, si kwa macho. Pima kutoka juu ya kifuniko cha prosesa hadi upande wa ndani wa ubavu wa kasha. Kama kipozeo cha zamani kinazuia, pima kutoka kwenye ubao mama kisha utoe milimita 8. Acha nafasi ya milimita 3.

Urefu wa baadhi yao: Assassin X 120 SE milimita 148, Peerless Assassin 120 SE 155, Noctua NH-U12S 158, AK620 160, NH-D15 165. Makasha mengi ya bei nafuu huishia 155 hadi 160, kwa hiyo NH-D15 hurudishwa dukani mara nyingi kuliko wenzake.

Pili, RAM. Feni ya mbele ya kipozeo kikubwa hukaa juu ya nafasi za RAM. NH-D15 yenye feni zote mbili huacha milimita 32 tu chini yake, na RAM zenye urembo wa taa huvuka 40. Unaweza kuipandisha feni juu, lakini kumbuka kila milimita unayoipandisha inaongezeka kwenye urefu wa jumla. Au iondoe kabisa ubaki na ya katikati. Utapoteza nyuzi chache.

Tatu, tazama nafasi ya kwanza ya kadi ya picha. Kwenye mbao ndogo za mini-ITX, mnara mpana unaweza kuigusa.

9. Kitashika kwenye soketi yangu (kiti cha prosesa kwenye ubao mama)?

Soketi za Intel za LGA1700 na LGA1851 zina matundu yaleyale, milimita 78 kwa 78. LGA1200 na LGA115x ni 75 kwa 75. Kipozeo cha zamani kwa hiyo kinahitaji vishikizo vipya, na usijaribu kupanua matundu kwa drili, tumeambiwa hilo linafanyika. Soketi za AMD, AM4 na AM5, zinashirikiana vishikizo, kwa sharti moja: bati la nyuma la AM5 halitoki. Kipozeo kinachotaka kuweka bati lake chenyewe kwenye AM4 hakitaingia AM5.

Kwenye AM5, viini vimekaa upande wa chini wa prosesa. Vishikizo vinavyosogeza kipozeo milimita chache kuelekea huko hushusha nyuzi 1 hadi 3. Kama vimo ndani ya boksi, vitumie.

10. Kwa nini nisichukue cha maji?

Unaweza, lakini elewa unachonunua. Cha maji nacho hutupa joto kwenye hewa ileile ya chumba. Hakikwepi fukuto la Machi. Chenye rejeta ya milimita 240 hukaribiana na minara miwili mizuri. Cha 360 hushinda, hasa ukipita wati 200.

Gharama yake ni pampu, ambayo siku moja itakufa, na maji yanayopungua polepole kupitia mipira kadiri miaka inavyopita. Kipozeo cha hewa kikifa, kimekufa feni tu, na feni utaipata mjini siku hiyohiyo. Kwa Pwani tunapendelea hewa hadi pale wati zitakapokataa.

11. Feni ya 120 au 140?

Ya 140 hupitisha hewa ileile kwa mzunguko wa chini, kwa hiyo kelele hupungua. Lakini umbo la kipozeo ndilo huamua. Muhimu zaidi ni iwe ya pini nne ili ubao uidhibiti. Panga iende asilimia 40 hadi nyuzi 60, kisha ipande hadi asilimia 100 kwenye 85, na uweke ucheleweshaji wa sekunde 2 au 3 isije ikapiga kelele kila unapofungua kivinjari.

12. Nimepata cha mtumba. Niangalie nini?

Vishikizo kwanza. Kipozeo kisicho na vishikizo vya soketi yako ni pambo la mezani. Kisha geuza kitako juu: kiwe tambarare, bila michubuko mirefu. Mirija iwe haijabonyea. Mrija uliobonyea sana huzuia mvuke ulio ndani. Unga mweupe kwenye mapezi ni dalili ya chumvi (swali la 19).

Mtihani wa mirija ni rahisi. Toa feni, chovya kitako peke yake kwenye maji ya moto, na ushike ncha za juu za mirija. Ndani ya sekunde chache zote zipate joto. Iliyobaki baridi imekufa, na haitengenezeki. Kausha vizuri kabla ya kufunga.

## Hewa ya kasha na ya chumba

13. Nipange vipi feni za kasha?

Mbili mbele zikiingiza, moja nyuma ikitoa, usawa wa kipozeo. Huo ndio msingi, na kwa wengi unatosha. Uingizaji ukizidi utoaji kidogo, vumbi huingia kupitia vichujio badala ya kupenya kwenye kila ufa.

Uso wa kasha ndio hukwamisha watu. Kasha lenye kioo kizima mbele linapendeza, lakini feni zake huvuta kupitia mwanya mwembamba wa pembeni. Jaribu kuondoa uso huo na kurudia jaribio la swali la 1. Tumeona watu wakitafuta kipozeo cha tatu huku kioo kimefunga njia. Wavu umeushinda urembo hapa Mombasa, hakuna mjadala.

Kasha likae angalau sentimita 15 kutoka ukutani, na lisikae ndani ya kabati la meza. Hewa inayotoka nyuma ikigonga ukuta hurudi mbele.

14. AC inasaidia? Na je, unyevu?

Inasaidia kuliko kipozeo chochote utakachonunua: kutoka 32 hadi 24 ni nyuzi 8 kwa mkupuo, kwenye prosesa, kadi ya picha na diski.

Hatari iko pale unapoizima. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au pungufu. Kompyuta iliyolala imezimwa usiku kucha katika chumba cha nyuzi 20 ina chuma chenye nyuzi 20. Ukifungua madirisha asubuhi, mapezi na ubao hutoa jasho kama chupa ya soda. Ama iache kompyuta ikiwaka wakati chumba kinapopata joto, ama subiri saa moja au mbili kabla ya kuiwasha. Kompyuta inayofanya kazi haina shida hii, kwa kuwa kipozeo cha hewa huwa na joto kuliko chumba wakati wote.

15. Nikiacha ubavu wazi na kuielekezea feni ya mezani?

Inafanya kazi, na ni njia nzuri ya kujua tatizo liko wapi. Kama maisha ya kila siku, hapana: vumbi na chumvi huingia bila kichujio, na feni ya mezani haijui joto la prosesa.

## Kufunga

16. Hatua za kufunga ni zipi?

Kabla ya kutoa kipozeo cha zamani, washa kompyuta kwa dakika chache ili pesti (dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo) ilainike. Hii ni muhimu zaidi kwa AM4 (swali la 22). Laza kasha. Zima umeme ukutani na ubonyeze kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe. Toa kipozeo cha zamani. Safisha prosesa na kitako cha kipozeo kipya.

Ng'oa plastiki iliyobandikwa chini ya kitako. Tunaandika sentensi hii peke yake kwa makusudi.

Funga vishikizo, weka pesti, shusha kipozeo wima bila kukitelezesha. Skrubu zikazwe kwa zamu: mizunguko miwili upande huu, miwili upande wa pili, hadi zigome zenyewe kwenye springi. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, kipozeo kitainama na upande mwingine hautagusa. Mwishowe rudisha feni, na chomeka waya kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Upande wa feni wenye vyuma vinavyoshika injini ndio unaotoa hewa. Huo uelekee nyuma ya kasha.

17. Pesti kiasi gani, na nisafishe kwa nini?

Kwa AM4, punje moja ya ukubwa wa mbaazi katikati. Kwa AM5, ongeza vitone vidogo pembe nne. Kwa LGA1700, ambayo ni ndefu, mstari wa katikati au alama ya X. Pesti ikizidi kidogo itafinywa nje na haidhuru kama haipitishi umeme. Ikipungua ndipo pana shida. Arctic MX-4 au Noctua NT-H1 zinatosha. Metali ya maji usiiweke chini ya kitako cha aluminiamu: huila.

Kusafishia, tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ya 70 inafaa ukisubiri ikauke kabisa. Jihadhari na spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda: aina nyingine hutiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo huacha utando juu ya prosesa.

18. Nimefunga kipya, joto limepanda hadi 100 ndani ya sekunde chache. Kwa nini?

Kupanda kwa sekunde chache maana yake kitako hakigusi prosesa sawasawa. Sababu, kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea: plastiki haikung'olewa, skrubu moja haijakazwa, vishikizo vya soketi nyingine vimetumika, kipande cha kishikizo kimekaa juu chini, pesti imekosa sehemu. Fungua, tazama alama ya pesti. Ikiwa imetanda vizuri upande mmoja tu, kipozeo kimeinama.

Kupanda polepole kwa dakika tano hadi kumi ni jambo tofauti: hapo mguso ni mzuri, ila mapezi hayapati hewa baridi. Angalia feni zisiwe zimeelekezwa kinyume, kisha swali la 13.

## Chumvi na vumbi

19. Naishi karibu na bahari. Kipozeo kitaharibika?

Kitachakaa haraka kuliko cha Nairobi. Chumvi ya hewani hunyonya unyevu, hukaa juu ya chuma, na pale shaba inapokutana na aluminiamu hula aluminiamu kwanza. Unga mweupe kwenye mapezi ndio matokeo. Shaba yenyewe huwa nyeusi, baadaye kijani.

Chagua kilichopakwa nikeli kote, mapezi, mirija na kitako, badala ya kile ambacho mirija ya shaba tupu ndiyo inayogusa prosesa. Ukikaa Nyali, Mji wa Kale au Likoni, usiweke kompyuta kwenye dirisha linaloelekea baharini, hata kama upepo unavutia. Feni nazo: za bushi za kawaida hukauka mafuta haraka kwenye joto, kwa hiyo za kimiminika au za bolbearingi zina thamani ya pesa iliyoongezeka.

20. Nisafishe kila baada ya muda gani?

Vichujio kila baada ya wiki mbili hadi nne, mapezi kila miezi mitatu. Changamwe na Jomvu, penye malori, punguza nusu. Tumia brashi laini na blowa, ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke.

Usiende gereji kupuliziwa kwa kompresa. Tangi lake hukusanya maji, hasa katika hewa yetu, na maji hayo hutoka pamoja na upepo. Pesti ibadilishe baada ya miaka miwili au mitatu, au joto likipanda nyuzi 5 bila sababu nyingine.

## Mambo ya pembeni

21. Nina Dell OptiPlex ya mtumba. Nifunge kipozeo gani?

Kwanza, haiongezwi kasi. Pili, nyingi zina vishikizo, plagi za feni na makasha yasiyofuata kipimo cha kawaida, na ndogo haziwezi kuingiza mnara hata mmoja. Badilisha pesti, safisha mapezi, ishia hapo.

22. Kipozeo kimeng'oka na prosesa! Nimeharibu?

Huenda hapana. AM4 ina pini chini ya prosesa, na pesti iliyokauka huishika kuliko soketi inavyoishika. Usiivute kwa nguvu. Pasha kitako kwa mashine ya kukaushia nywele, kisha zungusha prosesa polepole kama unavyofungua kifuniko cha mtungi. Pini zilizopinda hunyooshwa kwa ncha ya wembe au kalamu ya risasi isiyo na risasi, moja moja, ukilinganisha na safu. AM5 na LGA za Intel hazina shida hii, kwa kuwa prosesa imebanwa na fremu.

23. Ryzen 7000 yangu inafika 95 hata kwa kipozeo kikubwa. Kimeharibika?

Hapana, ndivyo zilivyoundwa. Zenye herufi X hupanda kasi hadi ziguse 95 au ukomo wa wati, chochote kitakachotangulia. Kipozeo bora huipa kasi zaidi kwenye nyuzi zilezile. Usipime kwa joto. Pima kwa alama za Cinebench.

Ukitaka ishuke, punguza ukomo wa wati kwenye BIOS (programu ya mipangilio iliyo ndani ya ubao mama). Ryzen 9 7950X yenye ukomo wa 230 ikiwekwa 142 hupoteza sehemu ndogo tu ya kasi yake, na chumba chako kitakushukuru. Unaweza pia kushusha volteji kwa Curve Optimizer: anza na hasi 10, pima siku nzima, ndipo uende hasi 15 au 20.

24. Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 je?

Kabla ya kipozeo, sasisha BIOS. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zingeweza kupata volteji iliyopita kiasi na kuharibika polepole, na ikatoa marekebisho yanayokuja ndani ya BIOS: toleo la 0x129 mwezi Agosti, 0x12B Septemba. Marekebisho huzuia, hayatibu iliyokwisha kuharibika. Baada ya hapo weka ukomo wa wati 253 au chini, kwani mbao nyingi huja bila ukomo kabisa. Kwa hewa ya Mombasa tungeanza na 180.

25. Kompyuta inazima ghafla, wala joto halijafika ukomo.

Basi si kipozeo cha prosesa. Shuku pawasaplai iliyozidiwa, au sehemu ya ubao inayogawa umeme kwa prosesa. Sehemu hiyo ilikuwa ikipozwa na upepo wa kipozeo cha zamani kilichopuliza chini. Mnara hupuliza kando na kuiacha ikiungua. Kama ubao wako hauna vipande vya kupozea hapo, ongeza feni ya kutoa hewa juu ya kasha.

26. Nasafirisha kompyuta kwa basi. Nikiache kipozeo ndani?

Cha minara miwili, hapana. NH-D15 na feni zake ina gramu 1,320, na barabara itaitikisa juu ya ubao safari nzima. Kitoe, kifunge peke yake, na uchukue pesti ya kurudishia. Ikiwa unabeba mwenyewe kwenye gari, laza kasha kwa ubavu ili ubao uwe chini na mnara usimame wima.